Twende Kilioni kwa Farasi: Shajara ya Msimu Wangu wa Hanta

14 Januari 2024

Mradi wenyewe ni huu: kabla baridi haijarudi, niingie uwanjani Kentucky Horse Park nikiwa juu ya Mzee, farasi wa kocha wangu, turuke raundi mbili za mashindano ya hanta, kwenye viunzi vya futi 2 na inchi 6, na kila dola itoke kwenye kibubu changu. Futi 2 na inchi 6 ni kama sentimita 76. Nimepima meza ya jikoni kwetu, ni hiyo hiyo. Mdogo wangu aliponiona na utepe wa kupimia akauliza kama farasi atakuja kuruka meza. Mama akasema athubutu aone.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Binamu yangu aliyebaki Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, ataisoma. Halafu Kiingereza changu cha farasi kimekuwa kizuri mno, kinanifanya nijione najua.

Hali ilivyo leo: nina miaka 16 kwa makaratasi. Makaratasi yanasema nilizaliwa tarehe 1 Januari, kama watu wengi tuliotoka nao kambini. Mama anasema ulikuwa msimu wa maembe, basi. Nalitaja hili kwa kuwa kwenye mashindano ya farasi hapa Marekani umri unaohesabiwa ni ule uliokuwa nao tarehe 1 Desemba, na ndio unaotembea nao msimu mzima. Kwa hiyo uwanjani bado nina 15. Nina umri wa serikali, umri wa farasi na umri wa maembe.

Tulifika Lexington, Kentucky, nikiwa na miaka 8. Baba alipata kazi kwenye shamba la kuzalisha farasi wa mbio, na Jumamosi moja akanichukua. Kambini sikuwahi kumwona farasi hata mmoja. Nilimjua wa kuchorwa tu, na wa kuchorwa hakuwa na harufu. Miaka miwili iliyopita nikapata pa kujifunzia: banda la kocha mmoja mama mtu mzima, nje kidogo ya mji. Masharti yake: nikisafisha vyumba 10 vya farasi, nikazoa mavi, nikamwaga maranda mapya, napata somo moja. Mavi ya farasi hayana ubaya. Toroli lililojaa kwenye matope ndilo baya.

Nikisema mashindano ya farasi, watu wetu wote wanadhani mbio. Hanta si mbio. Mchezo huu umetokana na uwindaji wa mbweha: farasi aliyetakiwa ni yule wa kukubeba kutwa nzima mashambani, akaruka kila uzio atakaouona, asikuchoshe wala asikutishe. Siku hizi mbweha hayumo, imebaki adabu yake. Kuna viunzi 8 vilivyopambwa kwa maua na matawi, na jaji ameketi pembeni na kalamu. Kwa jampa, mchezo mwenzake wa kuruka, kinachohesabiwa ni saa na miti iliyoanguka, hakuna ubishi. Hanta anahukumiwa kwa jicho: anavyokwenda, anavyokunja magoti hewani, anavyotulia, kisha anapewa alama kati ya 0 na 100. Anayehukumiwa ni farasi. Mimi natakiwa nionekane kama sifanyi kitu.

Mzee ana miaka 19, rangi ya kahawa iliyokolea, mali ya kocha. Jina lake la mashindano ni Second Helping. Mimi nilimwita Mzee siku ya kwanza kwa heshima ya umri wake na sasa anaitikia, hasa nikiwa na karoti.

Kibubu: dola 64.

3 Februari

Baridi ya leo maji ya ndoo yamekuwa jiwe. Nusu saa ya kwanza ilikuwa kuvunja barafu kwa nyundo.

Somo lilikuwa la hesabu. Mstari wa futi 60 kati ya viunzi viwili: farasi anatua kama futi 6 baada ya kiunzi cha kwanza, anaondoka ardhini kama futi 6 kabla ya cha pili, zinabaki 48. Hatua moja ya kanta, ule mwendo wa mapigo matatu, inahesabiwa futi 12. Kwa hiyo hatua 4. Mstari wa futi 72 ni hatua 5. Kila mtu kwenye mchezo huu anaijua jedwali hiyo kama tulivyokariri mara mbili mara tatu darasani.

Mzee hajaambiwa. Hatua zake ni fupi, za mtu anayekwenda sokoni asubuhi akijua soko halihami. Mstari wa hatua 4 yeye anauweka 5. Kwenye viunzi vya chini vya mashindano madogo tutavumiliwa, mradi tuwe tano mistari yote. Kwenye futi 2 na inchi 6 kule Horse Park, jaji ataona kwamba tumeongeza, na ataandika. Huo ndio mlima wangu, urefu wa viunzi si kitu.

Kocha alitaka nihesabu kwa sauti. Kwa Kiingereza nilikuwa nakimbia, kila namba ni pigo moja, nikafika kwenye kiunzi kabla ya farasi. Nikahamia Kiswahili bila kufikiri. Mo-ja, mbi-li, ta-tu. Kila namba ina silabi mbili, inapanda na kushuka pamoja na mgongo wake. Hata nne, ukiitamka kama bibi alivyotufundisha: n-ne. Mwendo ukatulia papo hapo. Sasa kocha naye anahesabu hivyo kutoka katikati ya uwanja, ila tano yake inasikika kama jina la mtu.

9 Machi

Mashindano ya kwanza. Madogo, kwenye banda la watu wengine, viunzi vya futi 2.

Niseme ukweli kuhusu siku ya mashindano: unaamka saa kumi alfajiri ili usimame kwenye matope hadi saa sita mchana. Unapakia trela, unapakua trela, unafunga namba mgongoni kwa uzi, unaambiwa haraka haraka, kisha unangoja saa tatu nzima.

Nywele zikaniumbua. Wiki iliyopita kulikuwa na harusi, na Mama alikuwa amenisuka rasta nene za kupendeza, nimezifunga juu. Kofia ngumu ikakataa kuingia. Wasichana wenzangu wanalaza nywele juu ya masikio, wanavuta wavu, wanavaa kofia, dakika mbili. Nikaazimwa kofia kubwa ya mtu. Mama mmoja aliyesimama getini akanitazama kichwani muda mrefu kabla ya kumtazama farasi, akasema kitu kuhusu unadhifu. Nilikuwa nimepiga buti rangi mara tatu usiku ule.

Raundi ya kwanza, kiunzi cha tatu, kofia ikashuka machoni. Nikamwacha Mzee aamue, naye akaamua kusimama mbele ya sanduku la maua. Nilibaki juu, lakini kusimama ni kusimama, raundi imekwisha hata ukiimaliza. Ya pili tulizunguka zote nane, tano kila mstari. Kiunzi cha mwisho alikifikia karibu mno, akaongeza kihatua kimoja kidogo cha wasiwasi, akaruka kama mtu anayepanda kitandani. Tulikuwa wa 5 kati ya 6.

Wa kwanza hapa hupewa utepe wa bluu, wa pili nyekundu, wa tatu manjano, wa nne nyeupe, wa tano pinki. Baba alipoona pinki akafurahi kwamba wametengeneza za wasichana.

Mama hakufurahi. "Kwa nini hukuniambia kuna kofia? Ningekusuka twende kilioni."

Ada ya vipengele vitatu vya mashindano dola 45, mchango wa trela 35. Niliongeza 60 za kulea watoto wa jirani. Kibubu: dola 44. Kwa mwendo huu nitafika Horse Park nikiwa na wajukuu.

24 Machi

Nimegundua pesa ziko wapi, na zimekuwa nyumbani kwetu siku zote.

Kwenye mashindano makubwa hanta husukwa. Manyoya ya shingoni yanasukwa visuko 30, 35, wengine 40 na zaidi, vyote upande wa kulia, vimepandishwa juu na kufungwa kwa uzi wa sufu wa rangi ile ile, kila kimoja na kinundu chake kidogo. Shingo inaonekana nzima, nyembamba, na jaji anaelewa kwamba umemheshimu. Wenye farasi hawasuki wenyewe. Kuna watu wanazunguka mabandani usiku kucha na vigoda na vitana, na wanalipwa kwa kila shingo. Kocha aliponitajia bei nikamwomba arudie.

Nilijaribia kwa Mzee siku ya Alhamisi. Ilinichukua saa nne nzima. Visuko 22, vingine vinene kama kidole gumba, vingine mkia wa panya. Akajitikisa mara moja, nusu vikafumuka.

Jioni nikamsimulia Mama. Alicheka hadi akakaa. Halafu akauliza kama fundi: "Ulimwosha kwanza?" Nikasema ndiyo, kwa shampuu. "Basi umeharibu hapo hapo. Nywele iliyooshwa leo inateleza."

Mama alikuwa akisuka watu Nyarugusu, chini ya mti, kwa malipo ya sabuni au kikombe cha unga. Vidole vyake havitazami. Anasuka huku akigombana na mtu wa nyumba ya pili.

Leo baada ya kanisa amekuja bandani, kitenge chake cha Jumapili, viatu vya Jumapili, kwa mara ya kwanza tangu nianze. Mzee akamnusa kilemba. "Mwambie asinipumulie," Mama akasema, akarudi hatua moja, kisha akapanda kigoda. Nikamwonyesha kifungu cha kwanza: lowesha, gawa upana wa inchi moja, suka kwa kukaza kuanzia shinani, katikati ingiza uzi, malizia, funga. Kisha ndoano inapita shinani, inavuta uzi, kisuko kinajikunja juu, unakifunga tena. Ndoano ilimsumbua kwa visuko vitano. Cha sita alikuwa ananitangulia.

Mzee alipogeuza kichwa kufuata nzi, Mama akamgonga begani kwa mgongo wa kitana, vile vile anavyotugonga sisi. "Tulia." Farasi wa kilo mia tano akatulia. Niliona aibu kwa niaba yake. Nimewahi kukaa hivyo katikati ya magoti yale, shingo imekakamaa, machozi yananilenga.

Visuko 35, saa moja na dakika kumi. Kocha alisimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa, hakunywa. Akauliza mtindo huu kwetu unaitwaje. Mama akaniambia, bila kucheka: mwambie twende kilioni. Nikatafsiri. Kocha akanyamaza kwa heshima, akidhani kuna msiba. Ikabidi nieleze: ni mistari iliyonyooka kwenda kisogoni, ya haraka kuliko yote. Habari ya kifo ikifika hakuna muda wa mapambo, unasukwa hiyo unakwenda. Kocha akasema sawa, ila kwenye risiti za wateja tuandike jina jingine.

Mama anajua fika kwamba hii siyo. Twende kilioni inashika ngozi ya kichwa, hii inaning'inia. Alitaka tu kuona uso wa kocha.

21 Aprili

Shingo mbili za kulipwa, farasi wa wateja wa kocha, dola 25 kila moja kwa kuwa mimi ni mwanagenzi. Nimetoa 14 za uzi, ndoano, na kile kikisu cha mafundi cherehani cha kufumulia mshono. Saa mbili na nusu kwa shingo. Mama ananiuliza kila siku nimefika saa ngapi, kama kocha wa mbio.

Kibubu: dola 80.

4 Mei

Kentucky Derby, zile mbio kubwa za farasi. Leo ni ya 150, kule Louisville, na kila aliyejua nina farasi amenipigia simu kuuliza kama nipo ndani. Baba alimshangilia farasi anayeitwa Sierra Leone, bila sababu nyingine ila jina. Mystik Dan akamshinda kwa pua. Kwa pua tu! Baba amekaa na huzuni ya bara zima.

16 Juni

Usiku mbili Horse Park. Si kama mshindani, bado. Kama msusi.

Kocha ndiye aliyenitafutia wateja, na Baba ndiye aliyenipeleka, kwa sharti kwamba yupo. Alitoka kazini, akaegesha gari chini ya taa, akalala na dirisha wazi. Nilimsikia akikoroma kutoka banda la tatu, ikanipa moyo.

Usiku wa mashindano una dunia yake. Taa za manjano, vipepeo wa usiku, redio ndogo ya msusi mwingine mbali kule, farasi wanatafuna. Unaanza saa nne usiku kwa sababu farasi wa kwanza anaingia uwanjani asubuhi. Nilisuka shingo 7 kwa usiku mbili, dola 45 kila moja. Ya haraka kuliko zote, saa moja na dakika hamsini. Mama bado ananizidi kwa mbali.

Jike mmoja mweupe hakutaka. Kila nikifika karibu na masikio anainua kichwa juu hadi nasukia hewa. Nilimwimbia. Nilimgonga kwa kitana, hakujali, hakulelewa na Mama. Mwishowe nikagundua anatulia nikihesabu: moja, mbili, tatu. Nilihesabu mpaka mia na kitu. Na farasi mwingine, niliyemmaliza saa tisa usiku nikajisifu, alijikuna ukutani nikiwa naosha mikono. Visuko sita vimekwenda. Nikarudia bure, ndivyo kazi ilivyo.

Kulipokucha tulitembea na Baba kunyoosha miguu. Kuna sanamu kubwa ya Man o' War, farasi aliyekimbia mbio 21 akashinda 20, naye amezikwa hapo hapo. Si mbali kuna kaburi la mtu: Isaac Burns Murphy, mpanda farasi Mweusi, aliyeshinda Derby mwaka 1884, 1890 na 1891. Nilimweleza Baba niliyofundishwa shuleni, kwamba Derby ya kwanza kabisa, 1875, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa Weusi, na mshindi, Oliver Lewis, alikuwa mmoja wao. Baba akavua kofia. Akasema, miaka minane nazoa mavi mkoa huu na hakuna aliyeniambia. Akasimama pale muda, mashavu yana alama za kiti cha gari, na mimi vidole vimevimba siwezi kukunja ngumi.

Nilimpa Mama 100. Akazifunga kwenye pindo la kitenge bila kuhesabu, maana yake alikuwa ameshahesabu kwa macho.

Kibubu: dola 295.

8 Julai

Mzee anachechemea. Ijumaa alikuwa anagusa ardhi kwa ncha ya mguu wa mbele wa kushoto, kama mtu aliyekanyaga msumari. Nililia, nikidhani mfupa. Fundi wa kwato akaja, akabana kwa koleo pembeni, Mzee akaruka. Jipu, ndani ya kwato. Akachimba kidogo, usaha mweusi ukatoka, na harufu yake sitaiandika.

Dawa: ndoo ya maji ya uvuguvugu na chumvi ya Epsom, mguu ukae humo. Halafu dawa ya kuvuta, halafu, na hii sikuitunga, pampasi ya mtoto, halafu selotepu pana ya kijivu kuzunguka mpaka ifanane na kiatu. Pampasi ya mdogo wangu wa mwisho inaenea kwato ya Mzee barabara. Nimechukua nane. Mama amezihesabu pia.

Wiki mbili hakuna kuruka. Nasafisha vyumba, nakaa naye.

7 Agosti

Tumetazama Olimpiki ya Paris, farasi wakiruka kwenye bustani za Versailles. Timu ya Marekani ya kuruka imepata fedha nyuma ya Uingereza, na jana Mjerumani Christian Kukuk amechukua dhahabu peke yake. Mdogo wangu akauliza, nyinyi mtatokea lini? Nikamwambia hao ni jampa, hanta hayumo kwenye Olimpiki. Akanitazama kwa huruma. "Kwa hiyo wewe uko kwenye ile isiyokuwepo."

Mzee amepona. Ametoka mapumziko na tumbo kubwa na hasira za kijana.

24 Agosti

Mashindano madogo tena, futi 2 na inchi 3 asubuhi, futi 2 na inchi 6 mchana kwa kujaribia. Nywele twende kilioni, kofia yangu mwenyewe, hakuna wa kunisemesha getini. Koti la mtumba na buti za mtumba, dola 60 kwa vyote viwili. Koti lina jina la msichana mwingine ndani, limetariziwa kwa uzi wa dhahabu. Nimeliacha.

Mwezi huu wote tumefanya jambo moja: kutafuta hatua nne. Nilikuwa namsukuma Mzee katikati ya mstari, visigino, ulimi, maombi, naye anakimbia hovyo na bado anaweka tano. Kocha akasema unaanza kuomba ukiwa umeshachelewa. Mwendo wa mstari unapatikana konani, kabla hujaona kiunzi. Ukitoka konani na mwendo, mstari mzima unakaa kimya. Ukitoka umelala, hakuna cha kufanya ila kelele, na jaji ana masikio.

Leo mistari ya pembeni ilikuwa nne. Nne! Mara ya kwanza nilipohesabu n-ne na tukawa hewani nilisahau kupumua. Mistari ya mshazari ilikuwa habari nyingine, kwa sababu ya miguu. Kwenye kanta mguu mmoja wa mbele hutangulia, na ukigeuka kushoto unataka utangulie wa kushoto. Baada ya mshazari unageuka upande mwingine, kwa hiyo farasi abadilishe hewani, mbele na nyuma pamoja. Mzee anabadilisha mbele, ya nyuma anaileta baadaye, kama mzigo uliosahaulika stendi. Jaji anaona kila kitu. Inchi 3: wa tatu, manjano. Inchi 6: hakuna utepe, lakini hakuna kilichoanguka.

Shingo tatu za kulipwa mwezi huu. Kibubu baada ya yote: dola 285.

21 Septemba

Niandike siku ya Horse Park leo leo, kesho nitakuwa nimeipamba.

Ada ya vipengele vitatu, chumba cha farasi, trela, maranda: dola 268. Nilizitoa kibubuni na kuziweka mezani, ile meza ya sentimita 76, na sote tukazitazama.

Kwa mashindano ya kiwango hiki hakuna aliyelazimishwa kusuka. Mama alikuja na sisi saa tisa usiku, akapanda kigoda. Mimi nilianzia masikioni, yeye mabegani, tukakutana katikati. Visuko 38. Vyangu na vyake vinatofautiana, nikikuonyesha utaona, lakini kutoka alipoketi jaji havionekani. Halafu nikakaa juu ya ndoo, Mzee akila, Mama akanisuka mimi.

Raundi ya kwanza niliingia nikiwa na hofu, na hofu yangu huwa ni ya kwenda polepole. Mistari mitatu nne, wa mwisho nikatoka konani nimelala, nikajisikia mwenyewe nikihesabu, mo-ja, mbi-li, ta-tu, na nikajua. Tano. Alama 61. Sauti ya kipaza sauti inazisoma mbele ya watu wote, hawana haya.

Kocha hakusema kitu ila "kona".

Raundi ya pili. Siikumbuki vizuri, na nimeambiwa hiyo ni dalili njema. Nakumbuka kona ya kwanza, upepo ukapita katikati ya visuko vyake. Nakumbuka sanduku la maua, lile lile la aina aliyoogopa Machi, akalitazama kwa sikio moja akapita juu. Mshazari wa pili akabadilisha mbele na nyuma pamoja, kwa mara ya kwanza maishani mwetu, na mimi nikafungua mdomo, ipo kwenye picha. Viunzi vinane, mistari minne, nne zote. Mshazari wa kwanza miguu ilichelewa, ndiyo, na cha mwisho tulikifikia karibu kidogo. 76. Wa nne kati ya 11.

Nilicheka mpaka getini. Alama na meza.

Kipengele cha mwendo bila kuruka hatukupata chochote. Mzee aliamua imetosha, akawa anatazama maegesho.

Baba alikuwa ameshika utepe mweupe ulipotoka. Hakuuliza ni wa nani mara hii, alikuwa amekariri rangi. Mama alikaa kwenye kiti cha kukunja muda wote akiwa ameshika mdomo. Nilipomuuliza ameonaje, akasema nzuri, ila hakuona mimi nikifanya kitu chochote.

22 Septemba

Visuko haviachwi kulala, farasi hujikuna. Tulivifumua jana jioni, Mama na kile kikisu, mimi na kitana. Uzi wote umejaa mfukoni mwa kitenge chake, anasema ni wa kufumia.

Kibubu: dola 17. Leo asubuhi mwenye yule jike mweupe ametuma ujumbe. Wiki ijayo, saa nane usiku, na ameuliza kama "yule anayehesabu" ana nafasi. Mama amesema bei ni 50 sasa.

Mzee nimemwacha uwanjani anakula. Nywele zimebaki na mawimbi kama za msichana aliyefumua baada ya sikukuu, na ameshagaagaa kwenye matope upande wa kulia.